Mechi yako ya kwanza ya kulenga shabaha za mbali kwenye prairi: anza na upepo, bunduki baadaye

Ndugu zangu wengi wakisikia Jumamosi naenda kupiga bunduki wanashtuka, wengine wananyamaza kabisa, na nawaelewa, kwetu bunduki ni ya polisi, ya askari wa wanyamapori au ya majambazi, hakuna habari ya mama mtu mzima kulala kifudifudi kwenye nyasi akalenga bamba la chuma lililo mbali karibu kilomita nzima halafu watu wakampigia makofi. Ila huku magharibi ya Nebraska ninapofanya kazi ya uuguzi huu ni mchezo kama mashindano ya ngalawa tu, watu wanakuja na watoto, na viti vya kukunja, na masufuria ya chakula, na mimi sasa huu ni msimu wangu wa nne kwahiyo nimeona niwaelekeze vizuri jinsi ya kuingia mechi ya kwanza, maana wapo wabongo, wakenya na ndugu zetu wa Kongo kibao wanaoishi hizi steti za katikati na wanaalikwa na majirani zao wanakosa pa kuanzia.

Mahali penyewe kwanza. Ukisikia prairi, yaani nyika ya nyasi ya huku katikati ya Marekani, unaweza kufikiri ni tambarare kama meza, sehemu nyingine ni kweli, lakini kwetu hapa ni Sandhills, matuta ya mchanga yaliyovaa nyasi, eneo kubwa kama kilomita za mraba 50,000, mengine yanapanda juu zaidi ya mita 100. Yaani ni jangwa lililofunikwa majani, ukichimba kidogo tu unakutana na mchanga mtupu. Ng'ombe ni wengi kuliko watu. Mechi zinafanyika kwenye ranchi ya mtu, na hayo matuta ndio yanafanya mchezo uwezekane kwasababu nyuma ya kila shabaha lazima kuwe na kilima cha kuzuia risasi, risasi ya bunduki hizi ikikosa kizuizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, kwahiyo ukialikwa mahali ukaona shabaha imesimikwa juu ya ukingo na nyuma yake ni anga tupu, geuza gari urudi nyumbani, hata kama aliyekualika ni rafiki yako wa damu.

Kabla ya yote, makaratasi yako. Hapa naomba msiruke. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu asiye na hadhi halali nchini kushika bunduki au risasi, na inamkataza pia mtu aliyepo kwa viza ya muda, mwanafunzi, mtalii, wa viza ya kazi, hata kama bunduki ni ya kuazima na unapiga mara moja tu uwanjani. Kuna vipengele vichache vya kuruhusiwa, mfano ukiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na steti, lakini usijitafsirie mwenyewe, muulize wakili wa uhamiaji. Mwenye green card na raia kwa upande wa shirikisho hawana katazo hilo, ila steti nayo ina mambo yake. Nasisitiza kwasababu kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini, na mwenyeji wako mzungu hatakwambia, sio kwa ubaya, ni kwamba yeye hajawahi kulifikiria hilo maishani mwake. Kama makaratasi yako hayaruhusu bado unaweza kwenda ukakaa nyuma ya darubini kubwa ukasoma upepo ukaandika pointi, na nitaeleza huko mbele kwanini hicho kiti ndio shule yenyewe.

Sasa kuhusu kununua. Usinunue kitu. Nasema tena, usinunue kitu chochote kabla ya mechi yako ya kwanza, isipokuwa miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Mpigie mwandaaji mwambie wewe ni mgeni, huna bunduki, unataka kujifunza, na mechi ya kirafiki ikiwa ya kirafiki kweli atakwambia njoo, utapangwa na mtu atakayekuazima ya kwake na utalipia risasi zake. Mimi mara ya kwanza nilipiga na bunduki ya jirani yangu, mzee mmoja mfuga ng'ombe wa miaka sabini na kitu, na ya pili pia, na ya tatu pia. Watu wa hapa wana ukarimu fulani wa kimyakimya, hawakuombi uwasifie, anakupa bunduki ya dola elfu tatu anakwambia usiiangushe tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaanga mandazi ya iliki ndoo nzima na nadhani yamenifungulia milango mingi kuliko kipaji chochote.

Uliza pia saa. Sio utani, mpaka wa saa za katikati na saa za milimani unapita humuhumu ndani ya Sandhills, kuna kaunti moja inaitwa Cherry upande wake wa mashariki ni saa nyingine na magharibi ni saa nyingine. Ukiambiwa mkutano wa usalama ni saa mbili asubuhi, uliza saa mbili ya wapi, kwasababu ukikosa mkutano wa usalama hupigi, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Huo mkutano wasikilize kwa masikio yote mawili hata kama kingereza chao cha vijijini kinakupita. Kanuni zenyewe ni chache na haziulizwi mara mbili: kila bunduki ichukulie ina risasi, mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka macho yako yawe kwenye shabaha, na ujue kilichopo nyuma ya shabaha. Ukiwa unatembea na bunduki bolti, kile kifungio cha nyuma, iwe wazi, magazini ya risasi imetoka, na kile kibendera cha plastiki cha rangi kali kiwe kwenye chemba, pale risasi inapokaa, kuonyesha ipo tupu, mtutu juu mbinguni. Ukisikia mtu yeyote, hata mtoto, amepaza sauti "cease fire!" unatoa kidole, unafungua bolti, unakaa mbali na bunduki, hakuna habari ya nimalizie hii moja. Na watu wakiwa wameenda mbele kupaka rangi mabamba hakuna kugusa bunduki kabisa, hata kuifuta vumbi, hata kuchungulia kwenye darubini yake. Masikio vaa kinga mbili, kizibo ndani na hedifoni juu, kwasababu bunduki hizi zinapita desibeli 150 na nyingi zina kile kifaa cha kwenye mdomo wa mtutu kinachopunguza teke la bunduki lakini kinarudisha mlipuko kwa waliokaa pembeni. Mimi kazini nakutana na wazee ambao masikio yameshakwenda tangu ujana wao na haurudi huo usikivu, ukienda umeenda.

Vya kubeba ni vya kawaida: maji mengi kuliko unavyodhani, kofia pana, suruali ndefu na mikono mirefu, kipande cha mkeka au godoro jembamba la kulalia, daftari na kalamu, kiti. Mkeka ni wa lazima kwasababu hizo nyasi zina mbigili na kuna mmea mmoja wenye majani kama sindano, yuka, ukiweka kiwiko juu yake siku imeisha.

Bunduki yenyewe nitapita haraka. Utakayoazimwa pengine itakuwa ya risasi ya 6.5 Creedmoor, imeingia sokoni 2007 na imependwa sana kwasababu haina teke kubwa na inakata upepo vizuri, au ile ya zamani .308 ya tangu 1952. Itakuwa na darubini yenye vifundo vya kuzungusha, na kila kliki inasogeza kwa kipimo kinachoitwa mili. Mili ni rahisi kwa sisi tuliosoma mita: mili 1 kwenye mita 100 ni sentimita 10, kwenye mita 1000 ni mita 1 kamili, na kliki moja ni sehemu ya kumi ya mili. Shida ni kwamba wenzetu wanapima umbali kwa yadi, yadi 1000 ni mita 914, kwahiyo usichanganye, tumia yadi zao na karatasi yao inayoonyesha kila umbali upandishe mili ngapi. Karatasi ya bunduki ninayopigia mimi sasa, ikiwa imesawazishwa kwenye yadi 100, inasema yadi 500 panda mili 2.9, yadi 800 panda 5.9, yadi 1000 panda 8.1. Hiyo ya mwisho maana yake risasi inashuka zaidi ya mita 7 njiani, kama nyumba ya ghorofa, na mtutu unaelekea hewani juu kabisa ya bamba. Ya kwako itakuwa na namba zake, usikopi zangu. Lakini ona uzuri wake, kushuka huko hakubadiliki ovyo, mvutano wa dunia ni uleule asubuhi na jioni, kompyuta inakuhesabia, unazungusha kifundo, imekwisha.

Upepo ndio haujahesabiwa na mtu.

Mimi nimezaliwa Pangani, baba alikuwa mvuvi, na kitu cha kwanza alichonifundisha kwenye ngalawa sio kupiga kasia bali kutazama maji ya upande wa joshi, kule unakotoka upepo, uone ile sehemu ya bahari inayogeuka nyeusi na kukunjamana kabla upepo haujakufikia, ili ulegeze tanga mapema. Siku ya kwanza nimekaa juu ya tuta la Sandhills nikaona nyasi zinafanya vilevile, wimbi la kung'aa linakimbia kutoka tuta hadi tuta, majani yanalala upande wa tumbo lake jeupe halafu yanasimama, nikamwambia yule mzee hii ni bahari, akacheka akasema sasa umeshaelewa nusu ya mchezo. Kwahiyo kama wewe ni mtu wa pwani, wa ziwa, au umewahi kupepeta mpunga ukatafuta upepo wa kusimamia, una mtaji tayari usiudharau.

Namba zake ziko hivi. Upepo wa maili 10 kwa saa, ambao ni kama kilomita 16, ukiipiga risasi ubavuni kabisa, kwenye yadi 1000 unaisogeza zaidi ya mita moja na nusu. Bamba lenyewe lina upana wa nusu mita hivi! Ukikosea upepo kwa maili 3 tu umekosa bamba. Na maili 10 huku ndio siku tulivu.

Kukisia nguvu yake anza na mwili wako. Chini ya maili 3 huhisi kitu, labda moshi utaelea upande mmoja. Kuanzia 3 hadi 5 unahisi shavuni. Ukifika 5 hadi 8 majani hayatulii muda wote, 8 hadi 12 vumbi na karatasi vinaanza kuinuka, na juu ya hapo hata kofia yako inakuhusu. Jifunze na kipima upepo cha mkononi, kisia kwanza kwa sauti halafu ndio upime, usifanye kinyume, maana ukipima kwanza hujifunzi kitu.

Mwelekeo wanautaja kwa saa ya ukutani, shabaha ipo namba 12, wewe upo katikati, na hapa naomba muwe makini sana kwasababu saa zetu zitawachanganya. Wakisema upepo wa "three o'clock" wanamaanisha namba 3 kwenye uso wa saa, yaani kulia kwako. Mswahili kichwani anatafsiri saa tatu, na saa tatu yetu mshale unakaa kwenye namba 9, kushoto! Nimeona mkenya mmoja ndugu yetu amepoteza steji nzima, yaani zamu yake nzima ya kupiga, hivyo hivyo, analengea upande wa pili. Usitafsiri, tazama namba. Upepo wa namba 3 au 9 unauhesabu wote. Wa namba 1, 5, 7 na 11 unauhesabu nusu. Wa namba 2, 4, 8 na 10 hesabu kama wote tu, umepungua kidogo mno. Wa 12 na 6, yaani wa omo na wa tezi, wa usoni na wa mgongoni, hausogezi pembeni, lakini ndio wa hatari kwasababu ukiyumba kidogo tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine unabadilisha kila kitu.

Halafu kuna njia fupi ambayo kwangu ni dhahabu. Bunduki nyingi za 6.5 Creedmoor ni bunduki za maili 6. Maana yake upepo wa maili 6 wa ubavuni, kwenye yadi 400 unakula mili 0.4, yadi 500 mili 0.5, yadi 800 mili 0.8, unaona mwenyewe, namba ya mamia ya yadi ndio jibu lako. Upepo ukiwa maili 12 zidisha mara mbili, ukiwa 3 gawa nusu. Kwenye yadi 1000 ongeza kidogo. Huhitaji simu, huhitaji kompyuta, na ndani ya sekunde 90 za steji hakuna muda wa simu.

Kitu kingine ni mazigazi. Ile hewa inayocheza juu ya lami wakati wa jua kali, kwenye darubini kubwa unaiona kila mahali, na inaonyesha upepo kule kule shabaha ilipo ambako shavu lako halifiki. Rudisha lenzi kidogo uone vizuri hewa ya mbele kidogo ya shabaha. Ikipanda juu moja kwa moja kama uji unaochemka, upepo hakuna au unakuja usoni au mgongoni. Ikiinama inakwambia unaelekea wapi. Ikilala kabisa kama maji ya mto upepo umeshakuwa mkali na hapo haiwezi tena kukutofautishia 12 na 18, rudi kwenye nyasi.

Na hapa niwaambie nilivyokosa, maana ndipo nilipojifunza. Mechi yangu ya pili, steji ya yadi 740, tunapiga kutoka tuta moja kwenda tuta lingine, katikati kuna bonde. Nikatazama nyasi za karibu yangu na za chini bondeni, zimetulia tuli. Nikashika mili 0.2 tu, yaani nikalenga pembeni kiasi hicho kuufidia upepo. Risasi ya kwanza kushoto, ya pili kushoto, nikadhani mimi ndio navuta triga vibaya, nikaanza kujirekebisha mkono, ya tatu kushoto, nikamaliza kumi bila hata moja. Jirani yangu hakusema kitu mpaka nimefungua bolti, halafu akanionyesha kinu cha upepo cha kuvutia maji ya ng'ombe kilichosimama juu ya ukingo kulia, panka linazunguka mbio na mkia wake umenyooka. Risasi haipiti bondeni mwanangu, akasema, inapita juu ya bonde. Mimi nilikuwa nimelala upande wa demani wa tuta, nimekingwa, nasoma nyasi zilizokingwa, wakati risasi yangu inapita makumi ya mita juu ya hizo nyasi, kwenye upepo mtupu. Tangu siku hiyo kabla ya kulala chini nasimama kwanza juu kabisa nauliza risasi itapita wapi, halafu natafuta kitu kinachotikisika kwenye njia hiyo: nyasi za kwenye kilele, mkia wa kinu, hata mwewe anavyoinamisha bawa.

Kupiga kwenyewe sasa. Lala nyuma ya bunduki umenyooka nayo, usikae kimshazari, kitako kikae ndani ya bega, mfuko wa mchanga chini ya kitako na mkono wa kushoto unauminya taratibu kupandisha na kushusha. Shavu liwe na uzito uleule kila mara. Pumua, toa pumzi, kwenye ule ukimya wa kawaida kabla hujavuta nyingine ndio unaminya triga moja kwa moja nyuma kama unaminya chungwa usitake lipasuke, na ukishafyatua USIINUE KICHWA. Hili ndio kosa la kila mgeni. Baki pale pale utazame, risasi ya yadi 1000 inakaa hewani kama sekunde moja na nusu, una muda wa kuiona ikifika, na mchanga wa Sandhills utakurushia vumbi palepale ilipotua. Pima kwa zile alama za ndani ya darubini imekwenda pembeni mili ngapi, shika hizo hizo upande wa pili, piga tena haraka kabla upepo haujabadili mawazo. Ukipata, utaona bamba linacheza kwenye minyororo yake halafu kimya, halafu karibu sekunde tatu baadaye ndio sauti inarudi, ting, ndogo, ya mbali, kama mtu amegonga sufuria nyumba ya tatu. Sijui niwaelezeje hiyo sauti. Mara ya kwanza nililia kabisa.

Kabla ya risasi ya kwanza ya kila steji hakikisha bamba ni lako. Mwaka 1874, Septemba, kule Creedmoor karibu na New York, Wamarekani walishindana na timu ya Ireland kwa yadi 800, 900 na 1000, wakashinda 934 kwa 931, pointi tatu tu, na ndani ya siku hiyo Muirish mmoja alikuwa amepiga vizuri kabisa, katikati, kwenye shabaha isiyo yake, akahesabiwa sifuri. Kwa hesabu za siku ile pigo hilo peke yake lingetosha kuwapa ushindi. Hiyo risasi ya 6.5 imechukua jina la uwanja huo. Kwahiyo muulize spota wako, yule anayekaa kwenye darubini kubwa, kwa sauti, lile jeupe kushoto mwa kichaka, ndilo? Hakuna anayekucheka.

Na spota ndio nilisema nitarudi kwake. Katika kundi la watu wanane kila mtu anapiga dakika moja na nusu tu, muda uliobaki mtu mmoja yuko kwenye darubini kubwa anaita na mwingine anaandika. Jitolee. Kila raundi jitolee. Utakuwa unasema impakti ikigonga, na ikikosa unasema upande na kiasi, kushoto mili tatu za kumi, juu mili mbili za kumi, na kama hukuona sema sikuona, usibuni, mtu anatumia neno lako kulenga inayofuata. Ukikaa pale utaona risasi themanini za watu wanane kwenye upepo uleule, wakati kwenye bunduki utaona kumi zako tu. Ukitazama vizuri utaona hata risasi yenyewe, kama mkia wa maji hewani unapinda kwenda kwenye bamba, na hapo ndio upepo unauona kwa macho. Mechi mbili za kwanza mimi pointi zangu zilikuwa chache lakini kwa kukaa kwenye kile kiti mechi ya tatu nikaanza kujua upepo unaenda kubadilika kabla haujabadilika, vilevile kama kwenye ngalawa.

Mambo ya porini. Moto ndio adui mkubwa, nyasi za Agosti zinawaka kwa cheche moja, kwahiyo risasi za kiini cha chuma na zile za kuwaka njia hazikubaliwi kabisa, na pia zinatoboa mabamba. Gari usiliache juu ya nyasi ndefu, bomba la moshi likiwa la moto linatosha. Waandaaji makini wanakuwa na tanki la maji juu ya pikapu na wanafuta mechi upepo ukizidi, ukifutiwa shukuru. Nyoka wa njuga wapo, tazama mkeka kabla ya kuutandika na kabla ya kuukunja, ukisikia zile njuga simama, jua alipo, rudi nyuma taratibu. Radi za mchana wa Juni sio za kuchezea, juu ya tuta wewe ndio mti mrefu kuliko yote, ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo kila mtu kwenye gari.

Mkimaliza usikimbie. Okota maganda yako, saidia kubeba mabamba na minyororo, na kabla hujagusa chakula osha mikono kwa sabuni na maji ya baridi kwasababu ya risasi ya madini, lead ile, inabaki vidoleni, na kama una watoto nyumbani hizo nguo zifue peke yake. Mageti ya ranchi yaache ulivyoyakuta, lililokuwa limefungwa lifunge, lililokuwa wazi liache wazi, mwenye ng'ombe ana sababu zake. Ukifika nyumbani jikague kupe, nyuma ya magoti na kwenye nywele hasa.

Halafu kabla ya kulala fungua lile daftari uandike kila steji: umbali, ulishika mili ngapi, upepo ulikisia kiasi gani, na risasi ilienda wapi kweli. Andika nyasi zilikuwaje. Yangu ya kwanza kabisa nimeandika "maili 4, nyasi zimetulia" na pembeni kwa kalamu nyekundu ya yule mzee, "panda juu uone".